Picha ya Wivine kwenye Kiti

Kila asubuhi, kabla hajaonja chai, Muzee Carlos alikwenda Buhene, pembezoni mwa Goma, kuangalia kama mlango wa nyumba yake umefungwa.

Nyumba yenyewe haikuwepo. Volkano ilikuwa imeimeza pamoja na mlango, kufuli, kitanda na kuku mmoja aliyekataa kushikwa, na mahali pake sasa palikuwa na jiwe jeusi lenye mikunjo kama blanketi lililotupwa ovyo. Lakini ufunguo ulibaki. Aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na alipofika mahali ambapo yeye peke yake alijua kuwa ni kizingiti, aliutoa, akauingiza hewani, akauzungusha, kisha akasukuma hewa kwa bega kama mtu anayejaribu mlango kabla ya safari. Akiridhika, aliondoka. Akifika barabarani, shaka ilimkamata ukosi wa shati, naye akarudi.

Wanawake waliopasua mawe pale kwa ajili ya wajenzi walikuwa wamemzoea. Mmoja wao, Mukashyaka, aliishusha nyundo yake kila alipomwona.

"Muzee, imefungwa. Niko hapa tangu asubuhi, hakuna mutu amepita."

"Umesukuma?"

"Nimesukuma."

"Na bega?"

"Na bega, na makalio pia."

Wenzake walicheka hadi vumbi likawaingia mdomoni. Muzee Carlos hakucheka. Alimshukuru kwa adabu, kisha akaenda kusukuma mwenyewe.

Zamani tabia hiyo ilimpa heshima. Alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Butembo, na hakuna aliyekaza kamba za turubai kama yeye. Alizikaza, akazikagua, akawasha injini, akaizima, akashuka kuzikagua tena. Abiria waliokaa juu ya mifuko ya viazi walimtukana kwa lugha zote za Kivu, lakini mzigo wake haukuwahi kuanguka. Tajiri wake alimtoa kuwa mfano kwa madereva wengine. Mkewe, Wivine, alimtania tu.

"Wewe siku utakufa, utatoka kwenye sanduku kuangalia kama wamepiga misumari vizuri."

Kisha ikaja ile jioni ambayo anga lilikuwa jekundu upande wa mlima na watu wakaanza kukimbia. Wivine alibeba sufuria. Binti yao, Bénie, alibeba godoro. Muzee Carlos alifunga mlango, akachukua ufunguo, wakaingia kwenye msururu wa watu waliokuwa wakielekea mji wa Sake. Njiani, katikati ya mbuzi na pikipiki na watoto wanaolia, Wivine aligeuka akamwuliza, "Carlos, umefunga mulango?"

"Nimefunga."

Akamwuliza tena, huku anacheka. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, yeye ndiye aliyekuwa anauliza na mumewe ndiye aliyekuwa anajibu. Huko Sake kipindupindu kilimkuta Wivine, na hakikumpa nafasi. Mengine aliyosema pale yalikuwa maneno ya mgonjwa: maji, baridi, nigeuze. Kwa hiyo swali la njiani ndilo lililobaki kuwa mazungumzo yao ya mwisho, na Muzee Carlos alipotulia na kulifikiria, aligundua kwamba hakuwa na hakika na jibu alilolitoa.

Miaka ilipita. Bénie na baba yake walipanga nyumba mtaa wa Majengo. Halafu habari ikatoka Butembo kwamba Mama Donatille, mama mzazi wa Wivine, anakuja kuweka msalaba wa saruji kwenye kaburi la binti yake.

Sasa, katika ukoo ule, huwezi kuweka msalaba bila picha. Picha ya marehemu inawekwa ndani ya fremu, fremu inawekwa juu ya kiti, kiti kinavishwa kitenge, wenyewe wanaita kikwembe, na kila anayeingia anaanza kwa kuisalimia picha kabla ya kumsalimia mtu aliye hai. Asiyesalimia huambiwa arudi mlangoni aingie upya.

Na picha ya Wivine haikuwepo. Mwanamke yule alichukia kupigwa picha. Akiona simu imeinuliwa alijifunika kanga usoni. Picha ya harusi ilikuwa ukutani Buhene, na kadi yake ya mpiga kura ilionyesha paji la uso na kipande kikubwa cha ukuta. Mama Donatille alikuwa na picha moja tu, ya komunyo ya kwanza, wasichana wamejipanga mbele ya kanisa, wote wamevaa nguo nyeupe, wote wamekunja uso kwa sababu ya jua. Shangazi walikuwa wameligombania jambo hilo kwa miaka bila kupatana ni yupi kati yao.

"Kama huna picha," Mama Donatille alimwambia mkwewe kwenye simu, "nitaleta hii ya komunyo. Tutawalilia wote."

"Mama, wengine wako hai."

"Si watashukuru? Wewe ulipata nafasi ya kuchukua ufunguo, Papa Bénie. Picha ilikuwa pale pale kando ya mulango."

Hakusema zaidi. Lakini Muzee Carlos alikata simu, akakaa na mkono kifuani juu ya ule ufunguo, na siku ile alikwenda Buhene hata baada ya chakula cha mchana.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, paroko alimkaribisha daktari mmoja atoe tangazo. Aliitwa Nasoro, mtoto wa familia ya wafanyabiashara Waislamu wenye asili ya Maniema; nusu ya kanisa ilikuwa imenunua vitambaa kwa baba yake. Alikuwa akifanya utafiti katika klinike moja karibu na ziwa, ambako walikuwa wamepata mashine kubwa ya sumaku.

"Kuna watu," alisema Dokta Nasoro, "wazo moja linawazunguka kichwani bila kutoka. Mwingine ananawa mikono mpaka ngozi inachubuka. Mwingine anaangalia kufuli, anarudi, anaangalia tena. Si uchawi, si pepo, si wazimu. Ni ugonjwa, na tunataka kuuelewa. Mashine yetu inapiga picha ya kile kinachozunguka mule kichwani."

Bénie alimfinya baba yake aliposikia neno kufuli. Hakukuwa na haja. Muzee Carlos alikuwa tayari amesimama, kwa sababu alikuwa amesikia jambo jingine kabisa. Kichwani mwake aliyezunguka ni Wivine, mchana kutwa, na sauti yake na kicheko chake. Na hapa palikuwa na daktari msomi, mbele ya altare, anayesema kwamba mashine inaweza kumpiga picha.

Siku ya mahojiano klinikeni alivaa koti la harusi la kuazima na kubeba fremu chini ya kwapa.

"Papa, koti ya nini?" Bénie aliuliza. "Utalala ndani ya tundu la mashine."

"Picha ni picha."

"Na fremu?"

"Dokta apime mwenyewe. Nisije nikapewa kubwa, ikakatwa kichwa."

Dokta Nasoro aliitazama ile fremu, akadhani ni heshima ya wazee, akaipokea kwa mikono miwili. Kisha akaeleza kazi. Mgonjwa analala ndani ya mashine, anaonyeshwa picha za mambo yanayomsumbua, na wakati huo mashine inaangalia ni sehemu gani za ubongo zinazofanya kazi kwa nguvu. Mwenye kuogopa uchafu anaonyeshwa choo.

"Wewe Muzee, tutahitaji picha ya mulango wako ukiwa wazi."

"Mulango wangu haujawahi kuwa wazi."

"Basi tutaufungua kidogo tu, tupige, tufunge."

Muzee Carlos na binti yake walitazamana. Ikabidi daktari apelekwe Buhene akaone mwenyewe. Alipanda juu ya jiwe akiwa na viatu vyake vya ngozi, simu mkononi, akitafuta mahali pa kupigia picha.

"Usisimame hapo, Dokta," Muzee Carlos alimwambia. "Hapo ni kitandani."

Daktari akasogea.

"Hapo umeingia jikoni. Rudi. Toka kwanza, uingie na salon."

Mukashyaka alikuwa ameegemea nyundo yake, machozi yanamtoka kwa kicheko. Dokta Nasoro akatoka, akaingia kwa njia ya sebule, akainama kana kwamba kuna kizingiti cha juu, akapiga picha ya jiwe.

Siku ya mashine, shida ya kwanza ilikuwa ufunguo. Chuma hakiingii katika chumba cha sumaku. Kinaweza kuruka na kumpasua mtu. Muzee Carlos alivua koti, mkanda, saa na viatu, lakini kamba ya shingoni aliishika kwa mikono yote miwili. Daktari akabembeleza. Mwisho akamletea ufunguo wa kuchezea watoto, wa plastiki, rangi ya njano.

Muzee Carlos aliugeuza. "Sasa huu utafungua nini?"

"Na ule wa chuma, Papa," Bénie akasema, "unafungua nini?"

Ilimtoka tu. Muzee Carlos alimtazama binti yake bila hasira, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi na akagundua amechelewa. Kisha akaivua ile kamba, akamvisha Bénie shingoni, akaingiza ufunguo ndani ya blauzi yake usionekane.

"Usiutoe," alisema. "Hata ukiombwa na nani."

Akaingizwa ndani ya tundu akiwa ameshika ule wa njano.

Mashine ilinguruma, ikagonga, ikakwaruza. Kupitia kipaza sauti daktari alimwuliza kama yuko sawa.

"Mimi niko sawa. Hii gari yenu ndiyo iko na shida ya boksi ya gia."

"Ndiyo sauti yake, Muzee. Usiongee, kichwa kinatikisika."

Kwenye kioo kidogo juu ya macho yake zikaanza kupita picha. Kikombe. Mti. Mlango wa mtu asiyemjua, umeachwa wazi. "Mwambieni mwenyewe afunge!" alipiga kelele, na picha ya mashine ikaharibika. Wakaanza upya. Kikombe. Mti. Kisha jiwe la Buhene, jeusi, limetulia, na kiatu cha daktari pembeni. Kwenye chumba cha pili Dokta Nasoro alikodolea skrini macho. Hakukuwa na kitu. Ubongo wa Muzee Carlos ulikuwa umepoa kuliko alipoonyeshwa kikombe.

"Muzee, unasikia nini ukiona hii?"

"Nasikia vizuri sana. Hata mwizi wa wapi ataingia hapo?"

Umeme ukakatika. Jenereta ikakohoa, ikawaka. Daktari alikaa na kichwa mikononi. Mgonjwa wake bora kuliko wote alikuwa anapona mbele ya macho yake kwa muda wote picha inapoonyeshwa, na akitoka tu barabarani ataugua tena.

"Si mulango, Dokta," Bénie akasema polepole. "Ni swali. Mama alimwuliza swali."

Akamweleza. Daktari akamsogezea kipaza sauti, lakini akasema, "Kama ni vigumu, tuache."

Bénie alikuwa amefanana na mama yake kwa sauti, na kwenye simu watu walikuwa wakiwachanganya. Alishika ule ufunguo ndani ya blauzi, akafunga macho, akaliita jina la baba yake jinsi binti asivyopaswa kuliita.

"Carlos, umefunga mulango?"

Ndani ya tundu Muzee Carlos hakujibu. Alikuwa amekatazwa kuongea na amekatazwa kutikisika, na alitii yote mawili. Machozi yalimtoka kwenye pembe za macho, yakateremka taratibu hadi masikioni, naye akaacha yajae humo bila kuyafuta. Aliulizwa tena. Na tena. Alitamani waendelee hadi jioni.

Alipotoka, alidai kwanza ufunguo wake kwa Bénie, akavaa koti lake, akajifuta masikio, akachana nywele, ndipo akaja mbele ya skrini. Daktari alimwonyesha umbo la kijivu lenye mikunjo, limekatwa katikati kama kabichi, na ndani yake alama nyekundu: moja mbele, juu ya macho, na nyingine chini ndani.

"Muzee, kichwa cha kila mutu kiko na kona inayouliza, 'jambo limekwisha?' Na kuna nyingine inayojibu, 'limekwisha, endelea.' Kwako swali linatoka hapa mbele, linashuka, linazunguka, linarudi kama halijajibiwa. Ndiyo maana hata ukisukuma, hausikii kama umesukuma."

Muzee Carlos alisikiliza kwa heshima hadi mwisho. Kisha akainama karibu na skrini.

"Na yeye iko wapi?"

"Nani?"

"Wivine."

Ndipo Dokta Nasoro alipoelewa koti, na fremu, na jinsi mzee alivyosimama kanisani. Alikaa. Alikumbuka kila neno alilolisema mbele ya altare, na akatamani kulirudisha mdomoni.

"Muzee... mashine haipigi sura ya mutu mwingine. Hii ni damu tu, inakimbilia pale kichwa kinapofanya kazi. Nilisema vibaya. Unisamehe."

Bénie alimsogelea baba yake amshike mkono, akiogopa ataanguka. Lakini mzee alikuwa amenyoosha kidole kwenye ile alama nyekundu ya mbele.

"Hii iliwaka wakati gani?"

"Wakati binti yako aliuliza."

"Kwa kikombe iliwaka?"

"Hapana."

"Kwa mulango?"

"Hapana. Kwa swali tu."

"Basi ni yeye," Muzee Carlos akasema. "Nitolee."

Daktari akaeleza kwamba picha za utafiti hazitoki nje kabla ya kupita mbele ya kamati. Muzee Carlos akauliza kama kamati ndiyo yenye kichwa. Daktari akatafakari, na hakupata mahali palipoandikwa hivyo. Akaitoa kwenye karatasi nzuri, akaikata mwenyewe kwa mkasi, ikaingia kwenye fremu bila kubaki nafasi.

Siku ya msalaba ua ulijaa. Kiti kilivishwa kikwembe cha rangi ya zambarau, na fremu ilifunikwa kitambaa cheupe. Mama Donatille aliteremka kwenye basi dogo lililobeba ukoo, kikwembe chake kimenyooka kama kimepigwa pasi mwilini, bahasha ya picha ya komunyo kwenye mkoba. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti, akafunua kitambaa.

Kisha nyuma kabisa sauti ya mwanamke ikauliza, "Ni kabichi?"

Bénie alitamani ardhi ya Goma, ambayo inajua kupasuka, ipasuke saa ile. Muzee Carlos alisimama kando ya kiti, amenyooka.

"Mama, hiki ni kichwa changu. Hii nyekundu ni Wivine. Yuko ananiuliza kama nilifunga mulango."

Mama Donatille alitafuta miwani yake. Akaivaa, akaivua, akaipangusa, akaivaa tena. Aliinama hadi pua ikakaribia kugusa kioo, na akakaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba aliyekuwa anampepea alichoka.

"Amenenepa," akasema.

Akagusa kioo kwa vidole.

"Na ni tabia yake. Tangu mutoto alikuwa anauliza maswali mutu akiwa ameshafika njiani. Jambo, mama. Jambo, Wivine wangu."

Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kupita bila kusalimia. Wakajipanga mstari. Shangazi mmoja alisema pua ni yenyewe kabisa. Mwingine alisema hapa alikuwa amechoka, na wa tatu akamjibu kwamba hapana, ndivyo alivyokuwa akikasirika. Katekista alisita kidogo, akafanya ishara ya msalaba, akasalimia. Bahasha ya komunyo haikufunguliwa.

Wakati wa kuelekea makaburini, watu walipokuwa wanapanda basi na kiti kimebebwa mbele, Mama Donatille aligeuka langoni, bila kufikiri, kama mama yeyote anayetoka nyumbani.

"Papa Bénie, umefunga mulango?"

Bénie alimtazama baba yake. Mkono wa mzee ulikuwa umepanda kifuani peke yake.

"Sijui, Mama," alisema.

Jibu hilo hakuwahi kulitoa tangu ile jioni, kwa mtu yeyote. Mama mkwe alimtazama, akautazama mkono, na kamba ya kiatu iliyochungulia kwenye ukosi. Akavuta pumzi.

"Basi twende tuangalie."

Dereva akaambiwa apitie Buhene. Ukoo mzima ulipanda juu ya jiwe jeusi kwa viatu vya sherehe, vikwembe vya zambarau vimekunjwa hadi magotini, kiti na picha juu ya vichwa vya vijana. Mukashyaka aliwaona, akaweka nyundo chini, akajipangusa vumbi.

"Karibuni. Muangalie, hapo ni kitandani."

Wakazunguka kitanda. Muzee Carlos alitoa ufunguo, akauzungusha hewani, akasogea kando. Mama Donatille alimpa Bénie mkoba wake. Akasogeza guu moja nyuma, akasukuma kwa bega, kwa nguvu zote za mwanamke aliyelima maisha yake yote. Akayumba, na mjukuu wake akamdaka.

"Imefungwa," alisema huku anahema. "Ulifunga. Hata mutoto wangu nitamwambia."

Walirudi chini polepole, wakashikana mikono kwa sababu ya mawe. Barabarani watu wakapanda, wakapangana, kiti kikapata nafasi yake dirishani. Muzee Carlos alikuwa wa mwisho. Aliweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi, akasimama.

"Mama," alisema, "ulisukuma kwa nguvu?"

"Carlos," akajibu Mama Donatille, "panda gari."

Akaangalia nyuma, upande wa jiwe. Mukashyaka alikuwa amesimama pale pale kwenye kizingiti, ameegemea hewa kwa makalio yake, anampungia mkono.

Akapanda.